Kuvua Hombolo ukiwa kwenye kiti cha magurudumu: tulivyopata pa kukaa

Tatizo la Bwawa la Hombolo, Dodoma, ni ukingo. Kiangazi maji hurudi nyuma na kuacha tope lililokauka juu tu. Magurudumu madogo ya mbele huzama kwanza, kiti kikainamia mbele.

Tulilitatua kwa kupima ardhi kwa fimbo kabla mvuvi hajashuka garini. Fimbo ikizama kirahisi, hapafai. Tafuta njia ya changarawe au mwamba, yenye mteremko usiozidi sentimita 8 kwa kila mita. Penye mchanga, chukua plaiwudi ya milimita 18, futi 8 kwa 4, ikatwe katikati. Kiti kikiwa juu ya kipande kimoja, kingine kinatandikwa mbele.

Mahali pa kukaa pawe tambarare kabisa. Geuza kiti ubavu uelekee maji, funga breki, kisha weka kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu makubwa. Usiziache hata siku moja: breki hubana tairi, na tairi lililolowa au kupungua upepo huteleza.

Ufito wa mita 3 na minyoo vinatosha kwa perege na kambale. Bwawa la Mtera lina mamba na viboko, hivyo ukienda huko waulize kwanza wavuvi wa pale.