Funga matundu ya uvungu wa nyumba yako

Kama unaishi North Carolina, Georgia, Tennessee au popote huku kusini mwa Marekani na nyumba yako haijakaa moja kwa moja juu ya zege, naomba usome hii yote, kwasababu kuna kitu kimoja kuhusu hewa ya huku ambacho mimi nilikua sikijui na kimetutesa familia nzima miaka miwili.

Tulinunua nyumba Durham mwaka 2021, ya miaka ya 70, futi za mraba 1,300, ndogo lakini yetu. Nyumba nyingi za huku zimeinuliwa, wanajenga ukuta mfupi wa bloku kuzunguka msingi, juu yake wanalaza boriti za mbao alafu sakafu, kwahiyo chini kunabaki nafasi tupu kama futi mbili hivi, udongo mtupu chini na sakafu yako juu. Wenyewe wanaita krolspesi. Nilipomuelezea mama yangu kwenye simu, yuko Muheza, akaniuliza "Kwahiyo mwanangu, nyumba yenu ina uvungu kama kitanda?" Ndio mama, ina uvungu. Toka siku hiyo hapa nyumbani tunaita hivyo na ndo neno nitakalotumia.

Kiangazi cha kwanza tu ikaanza harufu ya uvundo, ile ya nguo zilizoanikwa ndani siku za mvua zikakataa kukauka. Viatu kwenye kabati vikaota ukungu mweupe, mbao za sakafu sebuleni zikaanza kunyanyuka kingo mpaka ukipita peku unazisikia kwenye nyayo, na mtoto wetu wa pili akawa anakohoa usiku, usiku tu, mchana yuko mzima. Daktari swali lake la kwanza lilikua kama nyumbani kuna ukungu.

Jirani yangu, mzee mmoja mstaarabu sana aliyekaa mtaa huu toka kijana, akaniambia fungua yale matundu ya hewa kwenye ukuta wa chini, uvungu upumue. Na mimi nikaona kasema kweli kabisa, maana nimekulia Tanga, kwetu chumba kikinuka uvundo unafungua madirisha, unatoa godoro juani, jioni harufu imeisha. Basi nikafungua matundu yote 14, nikaweka na feni moja isukume hewa ya nje iingie ndani. Hiyo ilikua Juni. Kufika Agosti harufu ilikua imeongezeka mara mbili, mke wangu akawa hataki hata wageni waje.

Siku moja nikavaa taa ya kichwani, barakoa na ovaroli nikaingia mwenyewe. Naomba nieleze nilichokiona maana wengi wetu tumenunua nyumba na hatujawahi kufungua kale kamlango ka kuingilia uvunguni hata mara moja. Unaingia kwa tumbo. Udongo ni mwekundu wa mfinyanzi kama wa kwetu Usambara, na ulikua umelowa, kiganja kikiacha alama inabaki. Zile pamba za fibaglasi zilizobanwa kati ya boriti ili kuzuia baridi zilikua zimejaa maji zikaanguka, zinaning'inia kama matambara. Dakti za AC, yale mabomba makubwa yanayopitisha hewa ya baridi, zimefunikwa matone, yamejipanga mstari upande wa chini kama shanga, na nilivyokua nimelala pale chali tone moja likaniangukia shavuni, la baridi kabisa. Kwenye boriti kulikua na mabaka meupe meupe ya ukungu. Nikatoa bisibisi nikagusa boriti moja karibu na bafu, nikasukuma kidogo tu, ncha ikazama kama kwenye mkate. Nikakaa kimya pale muda mrefu. Watoto walikua wanakimbia juu yangu, nasikia miguu yao.

Sasa sikiliza kilichokua kinatokea, hapa ndo kwenye jambo lenyewe. Chukua glasi ya maji ya barafu uiweke mezani mchana wa Julai, baada ya dakika tano inatoa jasho. Yale maji hayatoki ndani ya glasi, yanatoka kwenye hewa, kwasababu hewa ya joto inabeba maji mengi na ikipoa inashindwa kuyabeba inayaachia. Mchana wa Julai hapa Durham hewa ya nje inaweza kua nyuzi 32 na unyevu asilimia 60, hewa ya namna hiyo ukiipoza ikafika nyuzi 23 inaanza kuangusha maji. Na mimi kule uvunguni, kwenye kivuli na udongo wa baridi, nilipima nyuzi 21, dakti za AC ndo zaidi. Kwahiyo kila hewa niliyoiingiza kwa lile feni nilikua naingiza maji. Uvungu wangu ndo ilikua glasi ya barafu! Kufungua madirisha kwetu Tanga kunasaidia kwasababu ndani na nje joto ni karibu sawa na jua lenyewe linaingia chumbani, huku uvunguni jua haliingii milele.

Alafu kuna upande wa pili, udongo wenyewe. Hata usipouona umelowa unatoa mvuke usiku na mchana. Nilikua namhadithia mama haya akaniambia "Sasa hilo nalo ni la kujifunza Marekani? Ukilaza turubai la mahindi chini usiku, asubuhi ukiligeuza si linakuaga na maji upande wa chini?" Kweli kabisa, nimeyaona mwenyewe nikiwa mtoto na sikuwahi kujiuliza yanatoka wapi. Yanatoka ardhini. Turubai limeyazuia tu yasipande. Kwa nyumba ni hivyo hivyo, usipoweka kitu cha kuyazuia yanaenda kwenye boriti, kwenye pamba, na mwisho yanakuja juu mnakolala, kwasababu hewa ya nyumba inapanda, inatokea juu kwenye dari na matundu ya taa, na inayotoka juu lazima nyingine ivutwe kutoka chini. Pale bomba zinapopita kwenye sakafu, pale dakti zilipoachia, ndo njia yake. Hewa ya uvunguni mnaivuta ninyi. Ndo maana mimi suala hili silichukulii kama la mbao peke yake.

Kuna utafiti ulifanyika hapa hapa North Carolina, mji wa Princeville, ule mji ulioanzishwa na watu weusi waliotoka utumwani na ukasajiliwa rasmi mwaka 1885. Mafuriko ya kimbunga Floyd mwaka 1999 yaliuzamisha. Baadae kwenye nyumba 12 za pale zinazofanana, shirika la Advanced Energy la Raleigh wakafanya jaribio, nyumba nne wakaziacha na matundu kama desturi, nyingine nane wakaziba matundu na kuufunga uvungu kabisa. Na usikose hii, hata zile zenye matundu ziliwekewa plastiki juu ya udongo, lakini kiangazi bado unyevu wake ulikua juu ya asilimia 80 muda mwingi, wakati zilizofungwa zilikaa kavu. Na juu ya hapo zilizofungwa zikatumia umeme pungufu, kama asilimia 15 au zaidi kwenye kupasha na kupoza nyumba. Sheria ya zamani ya ujenzi inataka futi moja ya mraba ya tundu kwa kila futi 150 za sakafu, ndo maana nyumba zetu zote hizi zina matundu, lakini siku hizi sheria inaruhusu kuufunga uvungu ukifuata masharti.

Nikaita kampuni moja ya kufunga uvungu wakaja na kompyuta yao na picha nzuri nzuri wakanipigia hesabu ya dola 11,400. Nilichokasirika ni kwamba yule bwana hakuzunguka nje hata mara moja. Gata zangu, ile mifereji ya maji ya paa, zilikua zimeziba majani na bomba la kushusha maji ya paa linamwaga pale pale kwenye kona ya msingi, mvua ikinyesha maji yote ya paa yanaingia uvunguni. Ukiziba plastiki juu ya hilo unakua umejenga bwawa lenye mfuniko. Kwahiyo nikaanza nje. Nilizibua gata, nikaunganisha mabomba yapeleke maji futi kumi mbali na ukuta, nikaleta udongo nikainua kuzunguka msingi ili ushuke inchi 6 ndani ya hizo futi kumi, maji yaondoke yenyewe. Dola mia tatu na kitu na jasho langu. Alafu nikakuta bomba la draya ya nguo limechomoka linapumulia uvunguni, yaani kila tukikausha nguo tunapeleka maji chini, nikalirudisha likatoka nje.

Nikasubiri mvua kubwa tatu, nikaingia, udongo haukua na madimbwi tena. Hapo ndo nikaanza plastiki. Kisheria wanataka unene wa angalau mil 6 (mil moja ni sehemu ya elfu ya inchi), mi nilinunua ya mil 12 kwasababu utatambaa juu yake miaka na miaka na ile nyembamba inachanika kwenye kokoto. Kipande kinapanda juu ya kingine inchi 12, unafunga na tepu yake maalum, unazungushia kila nguzo na unapandisha ukutani. Lakini usiipandishe mpaka ikagusa mbao! Juu kabisa acha inchi 3 za ukuta ulio wazi, wakaguzi wa mchwa huku wanahitaji kuona pale, mchwa wakipita nyuma ya plastiki hutajua mpaka boriti iishe. Pamba zilizolowa nilizitoa zote, magunia 31. Boriti iliyooza akaja fundi akapachika mpya pembeni yake, hiyo sikujaribu mwenyewe. Mwisho nikaziba matundu yote 14 na mbao za povu ngumu na silikoni, nikaweka dihumidifaya, mashine ya kunyonya unyevu, nikaiseti asilimia 50 na bomba lake likatolewa nje.

Kabla hujaziba matundu angalia kama kuna hita ya gesi au boila inavuta hewa ya uvunguni, kama ipo usizibe mpaka fundi wa gesi aje, ile moshi inaua watu usingizini. Na pima radoni, ni gesi inayotoka ardhini haina harufu wala rangi, kipimo ni bei ndogo tu, ikifika 4 kwa kipimo chao cha pikokiuri kwa lita basi serikali yao inashauri urekebishe. Uliza na ofisi ya ujenzi ya kaunti yako kuhusu kibali. Na wale wa Arizona na sehemu kavu, hewa yenu ya nje ni tofauti kabisa, msichukue hii yangu mkaifanya kama ilivyo.

Ndugu zetu Wakongo wengi hapa North Carolina wanakaa kwenye nyumba za treila, na zile nazo zina uvungu, ule uliozungushiwa bati au plastiki chini. Kama umepanga na sakafu inabonyea au watoto wanakohoa, mwandikie mwenye nyumba kwa maandishi, weka picha na tarehe, usiishie kumwambia kwa mdomo. Mimi nimesaidia familia mbili kuandika barua hiyo na niko tayari kusaidia nyingine.

Vifaa vyote vilinigharimu kama dola 2,600 pamoja na mashine. Harufu iliisha wiki ya tatu. Mtoto analala usiku mzima, sasa sijui ni uvungu peke yake au na dawa, ila analala. Mbao za sebuleni zimerudi karibu zote isipokua mbili tatu mlangoni.

Mwezi mara moja naingia na mita ya unyevu wa mbao. Mbao inatakiwa ikae chini ya asilimia 19, boriti zangu nyingi ziko 12 mpaka 13. Kile kipande karibu na bafu kilikua 26 wakati naanza, Jumamosi iliyopita kimesoma 17, bado kiko juu ya wenzake na nahisi kuna bomba la sinki linadondosha taratibu. Nikitoka kazini leo naingia tena, mke wangu afungue maji juu mimi nimulike chini.