Kabla hujafowadi hiyo picha

Kila likitokea shambulio la kigaidi simu yangu haipumui. Nusu saa haijaisha nishapata picha ya "gaidi mwenyewe", kabila lake, dini yake, na voisi ya jamaa anayedai ana shemeji usalama (hawa mashemeji ni wengi kweli). Na mimi sio msafi. Kuna siku nilirusha kwenye grupu la familia picha moja imejaa damu, kesho yake binamu akanionyesha ni ya ajali ya zamani, nchi nyingine kabisa. Nikaifuta kimya kimya, ila shangazi alikuwa kashaituma kwa watu wake, na hao kwa watu wao.

Gaidi anawaua wachache ili wengi waliobaki wapagawe, sasa tukipagawa si tunammalizia kazi?

London 2005, Julai 7 mabomu yakaua watu 52, wiki mbili baadaye wengine wakajaribu tena yakagoma kulipuka, jiji zima roho mkononi. Kesho yake polisi wanavizia nyumba ya mshukiwa, akatoka Jean Charles de Menezes, fundi umeme Mbrazili aliyekaa jengo hilohilo, anaenda zake kazini. Askari wa kumrekodi muda huo alikuwa anakojoa. Wakamfuata hivyohivyo, bila uhakika kama ndiye, hadi kwenye basi, hadi kwenye treni, wakampiga risasi saba za kichwa. Hakuwa na bomu, hakuwa na kosa lolote.

Oklahoma City, Marekani, 1995 nayo, bomu likaua watu 168, wachambuzi wa tivii wakakimbilia kusema hawa ni wa Mashariki ya Kati tu, kumbe aliyelipua ni Mmarekani, tena mwanajeshi wa zamani.

Sisemi tukae tu tuangaliane, polisi wafanye kazi na magaidi wakamatwe. Ila Norway 2011 mtu mmoja kaua watu 77, wengi vijana kambini, na wakampeleka mahakama ya kawaida kama mwizi wa kuku, ana wakili, anasikilizwa wiki nzima nzima, mwisho akala miaka 21 inayoweza kuongezwa. Mimi ningeshindwa, nakiri, hasira zangu nazijua.

Juzi shangazi kaleta nyingine kwenye grupu. Nikamuuliza shangazi hii umeitoa wapi? Akajibu, "Si wewe ndo ulinianzisha, mwanangu?"