Kuweka biti chini ya dufu

Kinachowashinda maprodyuza wengi wanaotaka kuweka biti kwenye zikri, yaani uimbaji wa kumtaja Mungu kwa kurudiarudia, ni kasi. Biti zetu za kompyuta zikianza na mapigo 95 kwa dakika zinaisha na 95. Zikri haikai hivyo. Vijana wa madrasa niliowarekodi hapa Ngarenaro, Arusha, pamoja na ustadhi wao, walianza kwenye 80 hivi na mwishoni walishapita 120, na hakuna aliyempa mwenzake ishara. Ukiwavisha hedifoni zenye mlio wa metronomu, ule wa kuhesabu mapigo, wataimba kwa adabu, ila ule mzuka unakufa.

Basi mashine ndiyo niliyoifanya ifuate. Walikaa duara kwenye mkeka, nikawarekodi mfululizo, kisha nikapitia rekodi nzima nikiweka alama kwenye kila pigo kubwa la dufu ili programu ishike mwendo wao. Ngoma na besi nikazipanga juu ya alama hizo. Macho yanauma, lakini njia ya mkato ninayoiamini sijaiona.

Halafu kuna baridi yetu. Arusha mwezi wa saba ngozi ya mbuzi inalegea, dufu linalia kama boksi. Tuliweka jiko la mkaa nje ya mlango. Kijana analizungusha dufu juu ya joto, analigonga kwa ncha ya kidole, anasikiliza, anazungusha tena mpaka sauti ikaze. Akizidisha, ngozi inapasuka. Kwa kuwa kila likipashwa linapanda kidogo, besi niliitafutia noti yake upya kwa kila kasida. Kinanda sikukipa kazi kubwa: sauti ya msomaji hupita katikati ya vibonyezo, na kodi nzito, yaani noti kadhaa zinazobonyezwa pamoja, zinamfanya aonekane anakosea wakati hakosei. Noti moja ndefu chini yake ilitosha.

Kuchanganya si jambo geni mjini kwetu. Kundi la X Plastaz la hapa Arusha liliingiza uimbaji wa Kimaasai kwenye hip hop zamani. Kwa upande wa Kisufi, nilimsikiliza sana Nusrat Fateh Ali Khan, mwimbaji wa Pakistani wa qawwali, yaani nyimbo za dini za Kisufi, kwenye kazi aliyofanya na prodyuza Michael Brook mwaka 1990. Brook alisimulia kwamba baadhi ya sehemu alizokata kwenye rekodi zilivunja maana ya mashairi, ikabidi azirekebishe.

Ustadhi wetu hakusubiri tufike huko. Kabla sijawasha maiki alisema, "Mwanangu, piga unachopiga, lakini jina la Mola usilikatekate." Kwa hiyo sauti nilizozikata na kuzirudiarudia ni makofi, pumzi na dufu. Maneno yalibaki mazima, hata pale mdundo ulipotamani kuyakatiza.

Nilitoa pia toleo la dufu na sauti tupu, la kusomwa kwenye maulidi. Akina mama wa mtaa wanarushiana hilo kwa simu; lenye besi linapigwa kwenye daladala.