Nilivyoihama Bendi Yetu na Nilivyorudi

Niliihama bendi yetu katikati ya mazoezi. Hapakuwa na ngumi wala vyombo vilivyovunjwa, kama watu wanavyopenda kusimulia habari za bendi za roki. Nilizima ampulifaya, nikachomoa waya, nikaukunja taratibu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko kama nilivyozoea, nikalitia gitaa kwenye mkoba wake na kutoka. Mpiga dramu aliendelea kupiga kwa muda kabla hajatambua kwamba sikwenda kunywa maji. Kila aliyeniuliza baadaye nilimjibu kwamba tulitofautiana kisanii, na jibu hilo lilinisitiri kwa miaka sita.

Ukweli ulikuwa mdogo na wa aibu zaidi. Kibao chetu kilichopendwa kuliko vyote kilizaliwa kutokana na kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, ambacho wenyewe tunakiita rifu, na rifu hiyo niliitunga mimi. Albamu ilipotoka nilisoma kwenye jalada kwamba mtunzi ni mwimbaji peke yake. Hakuwa ameniibia kwa maana ya kawaida, kwa kuwa ni desturi ya muda mrefu katika biashara ya muziki kumhesabu mtunzi kuwa ni yule aliyeandika maneno na sauti inayoimbwa, huku gitaa likiwekwa katika fungu la mpangilio, na mirabaha ya utunzi, yaani malipo ya mtunzi kazi yake inapotumiwa, humfuata aliyeandikwa jina. Hata hivyo, hakuna aliyeniambia kabla, nami sikuuliza. Badala ya kuuliza nilianza kupiga kwa sauti kubwa.

Huo ndio ugomvi wa pili. Nilikuwa nikitumia ampulifaya ya wati 100 ya vali, ile mirija ya kioo inayokuza sauti, na mwimbaji alikuwa akitoka jukwaani sauti imemkauka kwa kushindana nayo. Aliniomba nitumie ya wati 50. Nilimjibu kwamba vali hazitoi utamu wake mpaka zisukumwe kwa sauti kubwa, jambo ambalo ni kweli, na kwa sababu hiyo hiyo ampulifaya ndogo ndiyo ingenifaa, kwa kuwa ingefika kwenye utamu huo mapema. Isitoshe, kupunguza wati kwa nusu hushusha sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo masikio ya msikilizaji huiona kidogo sana. Nilikataa kumpa mwenzangu desibeli 3. Ninaiandika sentensi hiyo nikiwa na uhakika kwamba wapiga gitaa wengi watanielewa kuliko ningependa.

Miaka ya nje ya bendi naweza kuisimulia kwa ufupi. Nilifundisha gitaa, nikapiga katika rekodi za watu wengine, nikaanzisha bendi yangu mwenyewe ambayo haikumaliza mwaka. Usiku nilisoma habari za wapiga gitaa wa bendi maarufu za roki waliotangulia kuhama, kama mtu anayetafuta kesi iliyowahi kuamuliwa. Joe Perry alitoka Aerosmith mwaka 1979 akarudi 1984. John Frusciante aliwaacha Red Hot Chili Peppers mwaka 1992 wakiwa ziarani Japani, akarudi 1998, akatoka tena, na mwaka 2019 akarudi kwa mara nyingine. Slash alikaa nje ya Guns N' Roses tangu 1996 hadi 2016. Wengi wao niliwasoma kwa kujifariji tu. Aliyenishughulisha kweli ni Adrian Smith, aliyeondoka Iron Maiden mwaka 1990 na kurejea 1999, kwa sababu alipokuwa nje nafasi yake ilishikwa na Janick Gers, na aliporudi Gers hakufukuzwa. Bendi ilibaki na magitaa matatu. Jambo hilo lilinikera nilipolisoma mara ya kwanza, kwa maana katika ndoto zangu zote za kurudi, kijana aliyechukua nafasi yangu hakuwamo.

Kijana huyo nilikuwa nimemsikiliza kwa siri. Bendi ilitoa rekodi ya onyesho, nami niliisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, chumbani, mlango ukiwa umefungwa ingawa nilikuwa peke yangu nyumbani. Solo zangu mbili, vile vipande ambavyo gitaa hutawala peke yake, alikuwa ameziharibu. Ya tatu alikuwa ameibadilisha mwisho, akaacha kimya kifupi mahali nilipokuwa nikijaza noti nyingi, na kimya kile kilifanya dramu zinazofuata zisikike kama mlango unaofunguliwa kwa kishindo. Niliirudisha sehemu hiyo mara nyingi nikitafuta kosa.

Kisha mpiga dramu akanipigia simu. Hakuzungumzia kurudi. Baada ya salamu alisema, "Ndugu yangu, nina swali la kazi. Utangulizi wa ule wimbo wa mwisho wa albamu ya kwanza ulikuwa unaupigaje? Kijana anaupiga noti zote sawasawa, lakini hauna uzito." Nilicheka. Nilikuwa nimeshusha uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwa toni nzima kutoka E hadi D, ili uvume chini yake wakati vidole vinapiga melodi kwenye nyuzi nyembamba. Gitaa lililotyuniwa kwa kawaida halina noti hiyo kabisa. D ya chini kabisa inayovuma bila kubanwa ni ya uzi wa nne, iliyo juu kwa oktava nzima, yaani noti ya jina lile lile kwa sauti nyembamba zaidi, na ndiyo aliyokuwa akiipiga kijana wa watu kwa miaka yote sita. Sikuwa nimemwambia mtu siri hiyo. Nilimweleza mpiga dramu, na alipokata simu nilibaki nimeshika gitaa, nikatambua kwamba nilikuwa nimewaachia wimbo wenye shimo na nilifurahia kuwapo kwa shimo hilo.

Wiki iliyofuata nilimwandikia mwimbaji ujumbe, nikauliza kama tunaweza kukutana bila vyombo. Sharti hilo la kutobeba vyombo nililiweka makusudi, na naliona hadi leo kuwa uamuzi wangu bora katika jambo lote hili, kwa sababu wanamuziki wakishapiga pamoja vizuri kwa nusu saa hudhani wamepatana, kumbe wamekwepa mazungumzo.

Tulikutana wanne wa zamani. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu ya kuomba radhi, lakini nilipofika sentensi ya pili mpiga besi alinikatiza na kuuliza kama nataka kurudi au nataka kusamehewa, maana hayo ni mambo mawili. Tukaanza na la kurudi. Niliomba nilipwe mirabaha ya nyuma ya kile kibao. Wakaniuliza ni kiasi gani, nami sikuweza kujibu, kwa kuwa katika miaka sita ya kinyongo sikuwahi kukaa chini na kupiga hesabu. Nikaliacha. Mwimbaji alikubali jina langu liongezwe kwenye utunzi wa wimbo huo na mirabaha igawanywe kuanzia siku hiyo. Nyimbo mpya zitakazozaliwa katika chumba cha mazoezi zingeandikwa kwa majina ya wote waliokuwamo. Mpiga besi alitaka pia kiwepo kifungu cha kutoa taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kuondoka, "ili mtu asichomoe waya tena tukiwa kwenye kiitikio." Yote yaliingia katika karatasi mbili, tukatia saini.

Ndipo wakaniambia kwamba kijana angeweza kuachishwa, kwa kuwa alikuwa akilipwa kwa kila onyesho na hakuwa mwanachama. Ningependa kuandika kwamba nilimtetea kwa moyo safi. Kwa kweli nilipiga hesabu kwamba zilikuwapo nyimbo za miaka sita ambazo sizijui, na yeye ndiye aliyezijua. Nilisema abaki, tena awe mwanachama, mapato ya maonyesho yagawanywe mafungu matano sawa.

Mazoezi ya mwanzo yalikuwa magumu kuliko mazungumzo. Sauti ya mwimbaji ilikuwa imeshuka kidogo kwa umri, kwa hiyo bendi nzima ilikuwa sasa inatyuni chini kwa nusu toni, na nyuzi zangu, ambazo ule mwembamba kuliko wote una unene wa inchi 0.010, zikawa zinalegea chini ya vidole kama kamba ya nguo. Nilihamia za 0.011 na kwa majuma mawili ncha za vidole ziliniuma kama za mwanafunzi. Magitaa mawili yenye sauti ya kukwaruza yakipiga kodi zile zile, yaani noti kadhaa kwa pamoja, mahali pale pale hutoa tope tu. Besi hupotea na maneno ya mwimbaji humezwa. Ilitubidi kila mmoja apunguze mkwaruzo karibu nusu, jambo ambalo peke yako husikika kama umenyang'anywa nguvu, lakini wawili mkipiga pamoja kila noti huonekana. Kisha tukagawana shingo ya gitaa: ninapokuwa na kodi nzito za chini, kijana hupanda juu na kupiga nyuzi tatu nyembamba tu. Ampulifaya yangu sasa ni ya wati 20 na imeelekezwa usoni kwangu, si miguuni kwa watazamaji.

Solo ile ya tatu nilijifunza kutoka kwake, pamoja na kile kimya. Aliniambia, "Kaka, usihesabu. Ukianza kuhesabu utaingia mapema." Niliingia mapema mara nne mfululizo.

Katika onyesho la kwanza kosa lilikuja mahali nisipopatarajia. Katika kibao chenyewe, baada ya kiitikio cha pili, rifu yangu ilikuwa ikirudi kwa vipimo vinane, yaani mafungu manane mafupi ya mapigo. Wakati mimi sipo walikuwa wameikata ikabaki vinne. Nilikuwa nimeijua habari hiyo na kuifanyia mazoezi, lakini mikono ikakumbuka ya zamani. Mwimbaji alifungua kinywa kuanza ubeti, akanisikia bado naendelea, akakifunga. Mpiga dramu alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani kabla ya ugomvi. Kijana, bila kugeuza kichwa, alipanda juu na kuijibu rifu yangu kwa kipande ambacho sikuwahi kukisikia, vipimo vinne kamili, kisha tukatua wote kwenye ubeti.

Nyuma ya jukwaa nilikuwa nikianza kuomba radhi kijana alipotoa daftari lake la nyimbo, akafuta "4" na kuandika "8". Halafu akaniuliza kwa sauti ya upole, akijua vizuri anachouliza, "Kaka, na hiki kipande kipya tukiandike kwa jina la nani?" Mwimbaji alikuwa akifungua chupa ya maji. Alisema kwamba tukirekodi upya tutaandika majina yote matano, akanywa, akauliza ni nani atakayebeba dramu.