Siku moja maishani mwangu: fundi alaimenti, Mbeya

Saa 12 na nusu asubuhi nafungua gereji yangu ya alaimenti, yaani kazi ya kuzinyoosha tairi za gari zielekee sawasawa. Mwezi wa 7 Mbeya baridi haina huruma, spana inauma vidole ukiishika. Lakini huu ndio muda mzuri kuliko yote wa kupima upepo, maana tairi imelala usiku kucha, imepoa, na kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva ni cha tairi iliyopoa. Wanaokwenda Kyela nawasisitizia sana jambo hili. Unateremka kutoka kwenye baridi yetu mpaka kwenye joto la ziwani, upepo unapanda wenyewe, karibu psi 1 (psi ndicho kipimo cha upepo) kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto. Ukiupunguza kule tairi ikiwa ya moto, ukirudi huku unatembelea tairi laini, na tairi laini inaliwa pembeni zote mbili.

Saa 1 mpaka saa 4: balansi, pancha, balansi, supu na chapati nikiwa nimesimama.

Saa 4 na robo inaingia Subaru Forester. Mwenyewe anashuka na simu sikioni, anaikata, hata salamu hakuna.

"Fundi, hawa wauza tairi ni wezi. Hizi za nyuma nimefunga mwaka huu huu, tayari waya zinaonekana. Nifungie alaimenti ya mbele chap chap, nina safari."

"Shikamoo mzee. Na za mbele ulinunua lini?"

"Marahaba. Siku hiyo hiyo, duka hilo hilo, zote nne."

"Za mbele bado nzima. Sasa kama tairi ni feki, hizo mbili zimeponaje?"

Hakujibu, akarudi kwenye simu yake. Hapa ndipo kazi yetu isipoeleweka. Gari likila tairi, wa kwanza kulaumiwa ni tairi, wa pili ni muuzaji. Mtu yuko radhi kununua pea baada ya pea kuliko kumlipa fundi alale chini ya gari atafute kinachozimaliza. Wakisikia alaimenti wanajua ni kunyoosha usukani, basi.

Nikapandisha gari nyuma. Kwanza nikasoma tarehe ubavuni mwa tairi, zile tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi haikuwa kuukuu. Nikapitisha kiganja juu yake, kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Upande mmoja kinateleza, ukirudi kinakwaruzwa na ncha kali kama meno ya msumeno. Kingo ya ndani ilikuwa imefika kwenye waya, ya nje bado ina kashata, vile vinundu vya mpira, nzuri tu. Ingekuwa upepo umezidi, ingeliwa katikati. Ingekuwa shokapu zimekufa, ningekuta mabonde mabonde kuzunguka tairi. Meno yale yanasema kitu kimoja: tairi haiviringiki sawasawa, inaburutwa.

Mashine ikathibitisha. Tairi zote mbili za nyuma zilikuwa zimefunguka kwa mbele, yaani kwa mbele zimeachana kuliko kwa nyuma, kila moja kama milimita 3. Mtu akisikia milimita 3 anacheka. Lakini kwenye tairi yenye kipenyo cha sentimita 60 hivi, maana yake kila kilomita 1 unayotembea, tairi inasuguliwa kwenda pembeni mita 5. Mbeya mpaka Tukuyu ni kama kilomita 70; hapo umeikwangua kwenye lami mita 350, na bado hujarudi.

Halafu gari lenyewe lilikuwa limekaa chini nyuma. Nilipomuuliza, akakiri anabeba magunia ya mchele kutoka Kyela karibu kila wiki. Springi zimechoka, mkia umeshuka, tairi zimelala kwa juu kuelekea ndani, kwa hiyo uzito wote unakanyaga kingo ile ya ndani.

"Mimi nimesema ya mbele tu," akarudia.

Nikamweleza kwa heshima zote kwamba ya mbele haifungwi kabla ya ya nyuma, kwa sababu za nyuma ndizo zinazoamua gari linaelekea wapi. Ukizifunga za mbele wakati za nyuma zinaangalia kwingine, usukani utakaa upande na gari litatembea kombo. Akaangalia saa. Akasema haya.

Bolti ya kurekebishia tairi ya nyuma upande wa kulia ilifunguka vizuri. Ya kushoto ilikuwa imeshikana kwa kutu na chuma cha ndani ya bushi, ule mpira bolti inamopita. Ukiizungusha, mpira wa bushi unajikunja, ukiachia inarudi palepale. Nikapaka dawa ya kutu, nikasubiri, nikagonga. Wapi. Umeme ukakatika, mashine ikazima. Mzee akaja kunisimamia kichwani: "Si upige moto tu?" Moto nisingepiga, tangi la mafuta halikuwa mbali, na grainda inatoa cheche zile zile. Nikachukua msumeno wa mkono, nikalala chali kwenye sakafu baridi, nikaanza kukata. Vumbi la chuma linaingia machoni, mkono unakufa ganzi, unabadilisha wa pili, unakata tena. Kila baada ya muda mfupi naona viatu vyake vinakuja, vinasimama, nasikia, "Bado tu?" Bolti ile inakatwa pande zote mbili za bushi, na nafasi ya kusogeza msumeno ni ya vidole viwili. Kijana wangu alikuwa ameshakimbia na bodaboda Mwanjelwa kutafuta bolti na bushi. Sijui ilikuwa saa ngapi ilipokatika. Chakula cha mchana kilipoa hadi kikaganda.

Umeme uliporudi tukafunga, nikaileta nyuma mahali pake, kisha mbele. Akataka tairi mbili za mtumba, za saizi yoyote. Nikakataa kumfungia. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne likivaa tairi zenye mizunguko tofauti, linaumia kule katikati kwenye mgawanyo wa nguvu, na hiyo si bei ya tairi tena. Akanunua mbili za saizi na aina ile ile ya mbele. Nikamwambia wazi: nimeziba tundu moja, la pili ni springi, na hilo hakuna bolti inayolirekebisha.

"Umenichelewesha sana," akasema, akalipa, akaondoka.

Giza liliponikuta nilikuwa na Toyota IST ya dada mmoja wa Uyole, tairi moja tu ya nyuma imeliwa. Ekseli yake ya nyuma ni kipande kimoja, haina cha kurekebisha. Ikipinda kwenye shimo, unaweka shimu, kipande chembamba cha chuma cha kujazia, au unabadilisha ekseli nzima. Akasema atauliza kwanza nyumbani.

Saa 2 usiku simu ikaita. Yule mzee, yuko Tukuyu.

"Fundi, usukani umekaa katikati. Hizo springi ni bei gani?"

Nikamtajia.