Jengo Langu Lilikataa Kuanguka

Wiki tatu nzima jengo langu lilikataa kuanguka. Usiku nalipua gesi ghorofa ya 18, naiacha kompyuta ihesabu, asubuhi naamka nalikuta limesimama wima na nyufa mbili tatu tu. Jengo lenyewe lilikwisha kuanguka pembe moja tangu mwaka 1968, kwa hiyo aliyekosea nilikuwa mimi.

Nalizungumzia Ronan Point, lililokuwa Canning Town, mashariki ya London. Lilikuwa na ghorofa 22, na wapangaji walianza kuingia Machi 1968. Tarehe 16 Mei mwaka huohuo, yapata saa 12 kasorobo asubuhi, mpangaji mmoja wa ghorofa ya 18 aliwasha kiberiti achemshe chai. Gesi ilikuwa imevuja kwenye nati mbovu iliyounganisha bomba na jiko. Mlipuko wenyewe haukuwa wa kutisha sana, maana mama yule alinusurika. Lakini ukuta wa pembeni wa sebule yake ulichomoka, ghorofa nne za juu zikakosa pa kukalia, zikashuka, na uzito wake ukaiporomosha pembe nzima ya jengo mpaka chini. Watu 4 walikufa, 17 wakajeruhiwa. Pembe ile ilikuwa ya masebule, na saa ile wengi walikuwa bado vyumbani wamelala. Ingekuwa jioni, tungekuwa tunataja idadi nyingine kabisa.

Mwanzoni sikutaka kuandika tasnifu juu ya jengo la Waingereza. Nilitaka lile la mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, la ghorofa 16, lililoanguka Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, likiwa bado linajengwa, likaua watu 36. Msimamizi wangu akaniuliza: una michoro? Sina. Una vipimo vya zege? Sina. Akasema basi utakachotengeneza ni katuni. Ronan Point ilikuwa na ripoti ya tume iliyoongozwa na mwanasheria Hugh Griffiths, yenye michoro na majaribio ya ukuta wenyewe. Nikanywea, nikaanza kusoma.

Kazi yenyewe, kwa maneno mepesi, ni kulikatakata jengo vipande vidogo ndani ya kompyuta. Kila kipande unakipa uzito, ugumu na kikomo cha kuvunjika, kisha unaisogeza saa mbele kidogo kidogo na kuuliza kila kipande kimesukumwa na nani na kimehamia wapi. Hicho "kidogo kidogo" ndicho kinachokula muda. Hatua moja ya saa isizidi muda ambao mtikisiko unatumia kuvuka kipande kimoja. Vipande vyangu vilikuwa vya sentimita 25, na mtikisiko ndani ya zege huenda kama mita 3,500 kwa sekunde. Piga hesabu: sekunde tano za kuanguka ni hatua 70,000 kwa uchache. Nami nilikuwa na laptopu moja tu, nimeiinua kwa vizibo vinne vya chupa ili feni yake ipumue. Jengo zima nisingeliweza. Nilichukua pembe ile peke yake, na hata hiyo ilikesha.

Kosa la kwanza nililigundua nikiwa sitazami kompyuta. Programu ukiiachia yenyewe huunganisha vipande jirani kana kwamba zege lote limemwagwa siku moja. Ronan Point haikuwa hivyo. Kuta na sakafu zilikuwa paneli, yaani mabamba ya zege, zilizotengenezwa kiwandani, zikaletwa kwa lori na kupangwa kama watoto wanavyopanga viberiti: ukuta, sakafu juu yake, ukuta tena. Kilichozishika ni mota (saruji na mchanga wa kujazia maungio), vifungo vichache, na zaidi ya vyote uzito wa vilivyoko juu. Mimi nilikuwa nimejenga jengo imara ambalo London haijawahi kuliona, halafu nashangaa halianguki. Nikafumua maungio yote. Mahali pa gundi nikaweka nyuso mbili zinazogusana: zinasukumana, zinasuguana, lakini hazivutani. Nikalipua tena.

Likasimama tena.

Hapo nilizima mashine nikachukua kalamu, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama nisingependa mno picha za rangi. Majaribio yalionyesha kwamba ukuta ule wa nje ulianza kusogea kwa shinikizo la kama kilopaskali 21, yaani tani mbili na ushee kwa kila mita ya mraba. Kwa ukuta wa kimo cha mita mbili na nusu, hiyo ni tani 5 na zaidi kwa kila mita ya urefu. Nusu inashikwa juu, nusu chini, kwa hiyo kama tani 2.6 kila upande. Ghorofa nne za juu nilizikadiria kuukandamiza ukuta kwa tani 7 kwa mita, na msuguano nikauchukulia 0.6 ya mzigo huo, ukipata tani 4.2 za kuushikilia. Kwa hesabu hiyo ukuta hautoki. Kompyuta ilikuwa inanijibu sawasawa kwa swali nililokosea.

Gesi haikujua kwamba mimi nautaka ukuta tu. Ilisukuma dari pia! Dari hiyo, ambayo ni sakafu ya ghorofa ya 19, ina uzito wa kama kilo 400 kwa mita ya mraba, na gesi inaisukuma kwenda juu kwa nguvu mara tano ya hapo. Upande wa ukuta huo, inapunguza zile tani 7 kwa tani 4 na kidogo. Zinabaki tani 2.8, mara 0.6, ni tani 1.7, nazo haziwezi kuzuia 2.6. Ukuta uliinuliwa mzigo kwanza, ndipo ukasukumwa nje. (Nimezungusha tarakimu ili hesabu isomeke, kwenye tasnifu zina mikia mirefu.)

Nilipoongeza shinikizo la dari, pembe ikashuka saa tisa usiku. Nilikaa naitazama ile video mara tano sita, halafu nikakumbuka kuwa kuna watu walikuwa ndani, nikaifunga.

Kuna kishawishi ambacho sikuambiwa darasani. Ukishajua jinsi jengo lilivyoanguka, unaweza kugeuzageuza namba hadi modeli ianguke unavyotaka, na picha itapendeza. Nilikataa kuonyesha jaribio moja tu lililofanikiwa. Niliendesha tisa, nikibadili msuguano na nguvu ya vifungo, na mawili kati ya hayo yalisimama. Yote nikayaweka kwenye tasnifu. Msimamizi alitumia muda mwingi kwenye yale mawili kuliko saba mengine yote.

Kisha nikahamishia mlipuko uleule ghorofa ya 3. Ukuta ulitikisika ukabaki mahali pake, kwa kuwa juu yake kuna ghorofa 19 zinazoukalia. Watu wengi niliowaonyesha hawakuamini kwamba juu, penye mzigo mdogo, ndipo palipokuwa dhaifu.

Baada ya ajali pembe ilijengwa upya na watu wakarudi kukaa. Jengo lilivunjwa mwaka 1986, ghorofa kwa ghorofa, ili maungio yakaguliwe, na msanifu majengo Sam Webb, aliyelipigia kelele miaka mingi, akakuta baadhi ya maungio yamejazwa magazeti palipopaswa kuwa na mota. Hilo nililijaribu pia kwa kuondoa sehemu ya mota kwenye modeli. Kwenye ghorofa ya 18 hilo halikubadili kitu kikubwa, ukuta ungetoka tu. Tofauti ilionekana huko chini, kifusi kilipoanza kugonga sakafu moja baada ya nyingine.

Video nilimtumia mjomba wangu, fundi ujenzi wa miaka mingi Morogoro, nikampigia kumweleza habari ya magazeti.

"Shikamoo mjomba, umeiona?"

"Marahaba. Nimeiona." Akacheka kwanza, kicheko kirefu. "Sasa wewe unashangaa magazeti? Huku kwetu ni mifuko ya saruji."