Mita 60 kutoka maji ya mwaka gani?

Nyumbani Igombe, ukingoni mwa Ziwa Victoria karibu na Mwanza, kuna jiwe ambalo utotoni tulipanda juu yake na kujirusha majini. Mwaka 2006 nilirudi kutoka mjini nikalikuta limesimama nchi kavu. Mama alikuwa amepanda matembele na nyanya mbele yake, pale pale tulipokuwa tukipiga mbizi. Mitumbwi ilikuwa inaburutwa kwenye tope mpaka wanaume wanakaa chini kupumzika. Ziwa lilikuwa limeshuka kiasi ambacho hakikuonekana kwa zaidi ya miaka 80.

Mei 2020 likaja kinyume chake. Maji yalipita shamba la matembele, yakapita jiwe, yakafika kwenye vichanja vya dagaa. Choo kikajaa. Siku ya tatu yakaingia jikoni, na mama akahamia kwa mjomba na masufuria yake kichwani. Alinipigia simu akauliza, "Mwanangu, hili ziwa nani kalifungulia?"

Swali lile sijalisahau, kwa sababu ziwa letu kweli lina mlango. Uko Jinja, Uganda, Mto Nile unapoanzia. Zamani mlango wenyewe ulikuwa miamba ya maporomoko ya Ripon; ziwa likijaa yanapita mengi, likipungua yanapita machache. Mwaka 1954 Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, likafunguliwa na miamba ile ikazama. Tangu hapo maji yanapita kwa mkono wa mtu. Makubaliano yalikuwa kwamba watu wa bwawa wapitishe kiasi kile kile ambacho mto ungepitisha wenyewe.

Yale ya 2020 siwezi kulitwisha bwawa. Ilikuwa mvua, kama ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa lilipopanda zaidi ya mita mbili. Maji mengi ya Victoria huingia kwa mvua na kuondoka kwa jua. Nile huchukua kama sehemu moja tu kati ya tano. Lakini 2006 ni habari nyingine. Kituo cha pili cha umeme, Kiira, kilikuwa kimeshajengwa kando ya kile cha kwanza cha Nalubaale, ukame ukaingia, na maji yakapitishwa kuliko makubaliano. Mtaalamu wa maji Daniel Kull alipiga hesabu mwaka ule ule: ukame ulieleza karibu nusu tu ya kushuka kule. Siwalaumu watu wa Kampala kwa kutaka taa, maana nasi Mwanza mwaka huo tulikuwa kwenye mgao wa umeme. Ninachouma nacho meno ni kwamba hakuna mtu aliyekuja mwaloni, pale mitumbwi inapopakua samaki, kutuambia.

Na hasara haikuwa ya mitumbwi peke yake. Samaki aina ya sato, dume lake huchimba kiota kwenye mchanga wa maji mafupi, na jike akishamaliza kuatamia mayai mdomoni huwaachia watoto wake pembeni, kwenye mafunjo. Ukingo ukikauka, mafunjo yanabaki juu, watoto wa sato hawana pa kujificha. Wavuvi wa Igombe walijua hilo kabla ya mtu yeyote kuliandika.

Sasa mama anataka kujenga jiko upya. Akaja afisa na utepe wa kupimia. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na mimi naiunga mkono. Mama akamuuliza kwa adabu, "Baba, mita 60 kutoka maji ya mwaka gani?" Ukianzia ukingo wa 2006 tuko salama kabisa. Ukianzia ule wa 2020, jiko, nyumba na kaburi la babu vyote vimo ndani. Afisa akakunja utepe, akasema atarudi.

Ninachotaka ni kidogo sana. Kina cha ziwa na maji yaliyopitishwa Jinja wiki hiyo viandikwe kwenye ubao wa kila mwalo, visomwe redioni baada ya hali ya hewa, kwa Kiswahili, ili mwanika dagaa ajue asogeze vichanja lini.

Mwezi uliopita nilipaka rangi jiwe letu: mstari mmoja chini kabisa kwa ajili ya 2006, ingawa maji ya mwaka ule hayakulifikia, mwingine wa 2020. Mama hunipigia kila Jumapili kunisomea maji yamefika wapi kati ya hiyo miwili. Saruji ya jiko bado sijainunua.